Nani Aliangua Hili Dude?

Habari ilitoka redioni ikiwa ndogo tu, lakini kinyozi akaitia hamira kabla haijafika nje.

"Kimenuka!" Alisimama mlangoni na mashine ya kunyolea mkononi, mteja wake kamwacha kitini upande mmoja umenyolewa, upande wa pili kichaka. "Halmashauri imetangaza sasa hivi. Lile dude lililovamia soko juzi linasakwa. Askari wametoka na marungu, wavu na bunduki moja. Anayelijua aseme. Na mwenye nalo ajisalimishe kabla hajasalimishwa!"

"Bunduki moja kwa dude zima?" aliuliza mzee aliyekaa benchi la kushoto. "Hilo ni kosa la kiutaratibu."

Kijiwe chenyewe kilikuwa mabenchi mawili ya mbao yaliyoegemea ukuta wa ghala la saruji, jirani na duka la kinyozi, na kati yake meza ya muuza kahawa na jiko lake la mkaa. Nyuma ya ghala ulipita mfereji, na ng'ambo ya mfereji ndiko kulikokuwa na soko. Kila asubuhi watu walewale walikaa palepale, wakanywa kahawa ileile, wakaendesha dunia ambayo haikuwa na habari nao.

Kinyozi walimwita Spika, kwa kuwa hapakuwa na mjadala ulioweza kufunguliwa wala kufungwa bila yeye. Mzee wa utaratibu alikuwa Mzee Faili, karani wa halmashauri kwa miaka thelathini na mmoja. Alikuwa amestaafu, lakini bado alitembea na jalada kwapani ambalo hakuna aliyewahi kuona ndani yake kuna nini. Muuza kahawa aliitwa Mama Birika, mwanamke wa maneno machache, na hayo machache yalikuwa na miba. Wa nne, aliyejikunyata mwisho kabisa wa benchi la kulia, alikuwa Profesa.

Profesa hakuwahi kukanyaga chuo kikuu hata kwa kupotea njia. Alikuwa mhudumu wa mashine za kuangulia vifaranga kwenye kituo cha mbegu za kuku, na kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka kumi na tisa. Jina alipewa hapohapo kijiweni, kwa sababu ukimuuliza saa ngapi, alianza kwa kukueleza jua linavyozunguka. Lakini asubuhi hiyo alikuwa kimya kama maji ya mtungini. Kikombe kilikuwa kimemgandia mkononi, kahawa imepoa bila kuguswa.

"Sasa hilo dude likoje?" Mzee Faili aliuliza. "Huwezi kusaka kitu bila wasifu. Rangi, kimo, jinsia."

"Mzee wangu, dude halina jinsia, lina hasira tu. Jana nilimnyoa mchukuzi mmoja aliyeliona kwa macho yake. Alikuwa anatetemeka mpaka nikamkata sikio, na kosa si langu. Anasema kimo chake ni mlango. Shingo nyekundu kama imechunwa. Jicho moja kubwa kama taa ya lori, la pili dogo kama tundu la sindano. Miguu mabuti ya mvua. Na meno, jamani. Meno!"

"Ndege gani ana meno?" Profesa alijikuta amesema.

Mama Birika aliacha kupepea mkaa.

"Nani kasema ni ndege?" Spika akamgeukia. "Redio imesema mnyama asiyejulikana."

"Si... watu wanasema. Huko njiani."

"Watu gani? Hapa mtaani watu ni mimi, na mimi sijasema."

Mama Birika alimtazama Profesa kwa jicho la pembeni, kisha akarudi kwenye mkaa wake na kuupepea.

"Ndege, nguruwe, shetani, yote mamoja," alisema. "Ninachojua mimi, mdogo wangu yuko nyumbani, mkono umefungwa plasta kuanzia hapa mpaka hapa. Wiki sita. Na nyanya zake zimebaki mchuzi sokoni."

"Pole sana, dada," alisema Mzee Faili. "Lilimng'ata?"

"Halikumgusa. Waliomvunja mkono ni wateja wake. Waliona dude, wakapita juu yake kama zulia. Mmoja anamwambia 'samahani, mama' huku kamkanyaga."

Spika alitaka kucheka, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi. Profesa aliangalia kikombe chake. Kahawa ile alikuwa amemiminiwa na mkono wa dada mtu, na kila alipotaka kuinywa, alikirudisha kikombe gotini.

"Ndiyo maana nasema tuanzie kwenye chanzo," Mzee Faili aliinua kidole. "Dude haliji tu kama mvua. Lina mwanzilishi. Yupo mtu alikaa, akawaza, akapanga, akalifanya. Na kibali hakuomba."

"Wasomi hao!" Spika alidakia. "Nani mwingine? Mkulima hana muda wa kutengeneza dude, ana palizi. Msomi jambo lake likinyooka, anaita waandishi wa habari. Likipinda, anaomba likizo. Sisi tunabaki na dude mlangoni, yeye yuko kwao anapunga upepo."

"Akipatikana, aandike maelezo. Nakala tatu."

"Nakala tatu? Mzee Faili, mtu kaleta maafa, wewe unamletea karatasi?"

"Nne, basi."

"Mimi ningemfungia chumba kimoja na dude lake," Spika alisema, "waangaliane mpaka mmoja wao aombe radhi. Kisha ningemzungusha mtaa mzima kalibeba mgongoni, anaimba, 'Ni mimi, ni mimi.' Kisha ningemnyoa. Mkavu. Bila maji."

"Mimi ningemuuliza swali moja tu," alisema Mama Birika bila kugeuka. "Alikuwa wapi dude lake lilipokuwa na njaa?"

Jibu la swali lile Profesa alikuwa nalo.

Mambo yalikuwa hivi. Miaka minne mfululizo, kwenye chumba cha nyuma ambacho mkewe alikitaka kiwe stoo, Profesa alikuwa akitengeneza mbegu yake mwenyewe ya kuku. Jokofu bovu aliligeuza mashine ya kuangulia, akalitia balbu, feni ndogo na sufuria la maji. Mayai aliyatoa kituoni, kwa kuku bora kabisa, mojamoja, ndani ya soksi. Kibali hakuwa nacho. Alichokuwa nacho ni uchungu. Alikuwa amechoka kuwaona vijana wa tai wakishuka garini, wakitia majina yao kwenye chati alizozijaza yeye. Alitaka jogoo mmoja tu atakayewafunga midomo. Aliiona kabisa picha yake gazetini, na chini ya picha jina lake limeandikwa bila neno "mhudumu" pembeni.

Kati ya mayai kumi na mawili ya mwisho, lilianguliwa moja, la saba. Kifaranga kilitoka kikiwa kimelowa, kikamtazama yeye kwanza kabla hakijauona ulimwengu mwingine, kikajivuta mpaka kwapani mwake, kikalala. Profesa alilia. Alimkimbilia mkewe jikoni akimwambia, "Mke wangu, nimeumba!" Mkewe akamjibu, "Umba na ukuta wa choo basi, umeanguka tangu juzi."

Kifaranga kilikua. Kilikua kwa namna ambayo hata Profesa alianza kukitazama akiwa amesimama mlangoni. Kilipofikisha miezi sita, kichwa chake kilimfika kiunoni. Shingo ilikataa kuota manyoya, jicho moja likalizidi la pili, miguu ikanenepa kama ya mtu mzima mwenye maradhi. Lakini alikuwa jogoo mpole. Alimfuata Profesa kila mahali, mpaka chooni, akamsubiri nje kama mlinzi wa waziri.

Siku ilipofika, Profesa alimwalika mkuu wa kituo aje aone. Mkuu alisimama mlangoni na kitambaa puani, akatazama juu, akatazama chini, kisha akacheka mpaka akashika ukuta. "Bwana wee," alisema, "hii ni kuku au ni ajali?"

Tangu siku hiyo Profesa hakuweza kumtazama tena jogoo wake. Kile alichokiita kazi ya maisha yake alianza kukiita "lile". Na wiki mbili zilizopita, alfajiri, alilitia guniani, akalipakia kwenye toroli, akalimwaga dampo. Lilitoka guniani likamkimbilia, mbawa zimetanda, kama mtoto anayedhani ni mchezo. Profesa akaokota jiwe. Jiwe lilimpata. Nyumbani alimwambia mkewe kwamba wezi wamepita.

"Halafu mnampa sifa za bure," Spika alikuwa bado anachochea pale kijiweni. "Msomi gani? Huyo ni mbabaishaji! Kaokota yai viza, kalipiga sindano ya mbwa, kilipotoka kitu kakilisha pumba na betri za tochi, basi kikavimba."

"Kazi ya mtu asiye na cheti," Mzee Faili aliafiki. "Inaonekana wazi. Kitu cha mwenye cheti kikiharibika, huharibika kwa mpangilio."

Hapo ndipo Profesa alipochemka. Lawama angeweza kuimeza, lakini dharau ilikataa kushuka.

"Mbabaishaji?" Alisimama, kahawa ikamwagikia viatu vya Mzee Faili. "Wewe Spika, unayewaunguza watu visogo, unajua nyuzi thelathini na saba na nusu ni kitu gani? Zikizidi, kifaranga kinaivia ndani. Zikipungua, kinakufa. Na yai linageuzwa mara tano kwa siku, siku kumi na nane, usipitiwe hata mara moja. Unajua kuchagua mbegu, kizazi baada ya kizazi, huyu kwa kifua, yule kwa mfupa, huyu kwa kustahimili maradhi? Miaka minne! Hakuna sindano ya mbwa hapo, hakuna betri. Ni hesabu! Ni subira! Mtu ameacha usingizi, ameacha mke analalamika, ameyageuza mayai kumi na mawili kwa mikono yake hii..."

Akagundua kuwa ameiinua mikono yake mbele ya watu wote.

"Mikono ya nani?" aliuliza Mama Birika.

Profesa aliishusha haraka. Lakini sauti yake ilikuwa imekwisha kuvuka ghala, ikashuka mpaka mferejini, na huko ikapata wa kuijibu.

"Pi. Pi. Pi."

Ilikuwa sauti nyembamba, sauti ya kifaranga cha jana kilichopotezana na mama yake. Watu walitazama chini, chini ya mabenchi, chini ya meza. Hakuna aliyetazama juu, mpaka kichwa kilipojitokeza kwenye kona ya ghala, kikafuatiwa na shingo isiyokwisha, nyekundu, kisha kifua, kisha hayo mabuti.

Kimo chake kilikuwa cha mlango wa banda la mbwa, si wa nyumba kama alivyosema mchukuzi. Lakini kwa kuku, jamani, ilitosha.

Spika alipanda benchi. Mzee Faili alipanda juu ya Spika, jalada kwapani. Mteja wa nusu kichwa alichungulia dirishani, akaona alichokiona, akapitia mlango wa nyuma na shuka la kinyozi shingoni, na hajarudi kumaliziwa mpaka leo. Mama Birika alinyanyua birika linalochemka, akaliweka tayari, lakini hakulimwaga.

Jogoo hakuwaangalia. Aliwapita wote kama mtu anayepita kwenye kundi la wageni akimtafuta wa kwao. Alifika kwa Profesa, akasimama wima kwenye miguu yake minene, na ile shingo ndefu akainyoosha mpaka kwapani mwa Profesa, pale pale alipolala siku ya kwanza. "Pi," alisema, taratibu, akafumba lile jicho kubwa.

"Shoo!" Profesa alisema, lakini sauti ilitoka bila mifupa. "Ondoka! Jamani, mimi simjui huyu."

"Yeye anakujua," alisema Mama Birika.

"Kuku wa watu, labda kanifananisha..."

"Profesa," Mzee Faili aliita kutoka juu ya mabega ya kinyozi, "kiumbe kimefaulu mtihani wa utambulisho. Usiendelee kujiharibia."

Profesa alikaa benchini. Jogoo akasogea naye, hakuitoa shingo.

"Mbona linalia kama kifaranga, dude zima hilo?" Spika alinong'ona.

"Sijui," Profesa alisema. "Nadhani hajui kama amekua. Alipoanguliwa alinikuta mimi tu. Hakuna kuku mwingine wa kumwambia." Akaweka mkono mgongoni mwa jogoo, akauona mfupa umetokeza. Huyu alikuwa na uzito wa mbuzi wiki mbili zilizopita. Na juu ya bawa la kushoto palikuwa na kidonda kilichokauka nusu, ukubwa wa jiwe.

"Basi pale sokoni..." Mama Birika alianza.

"Alikuwa ananitafuta. Labda aliona mtu kavaa koti la bluu kama langu, akamkimbilia. Au aliona nyanya tu, ana njaa. Dada yangu, mdogo wako..."

"Nilijua tangu uliposema ndege."

"Ulijua? Mbona umekaa kimya?"

"Nilikuwa nakupa nafasi useme mwenyewe." Alilirudisha birika jikoni. "Nimekaa natazama hiyo kahawa yako inavyopoa, nikasema, huyu sasa hivi atasema. Badala ya kusema ya mkono wa mdogo wangu, umekuja kusema ya cheti."

Profesa aliinamisha uso kwenye manyoya ya jogoo.

Spika alipoona kwamba dude halina meno, nguvu zikamrudia. Alimshusha Mzee Faili, akajikung'uta, akafungua kikao.

"Kumbe ni wewe! Tumekaa na wewe hapa, tunakunywa na wewe, kumbe wewe ndiye uliyetuletea balaa! Mtu unaumba kitu halafu unakitupa? Una roho ya namna gani? Mimi katika maisha yangu..."

"Spika," alisema Mama Birika.

"...sijawahi kuona mtu anayeweza kuleta kiumbe duniani halafu..."

"Spika. Kuna binti kule mji wa pili ana pua yako, cheko lako, na hiyo tabia yako ya kudakia maneno ya watu. Ana miaka kumi na sita sasa. Umeshawahi kumpelekea hata salamu?"

Mashine ya kunyolea ilikuwa bado inanguruma mkononi mwa Spika. Akaizima.

Mzee Faili akatoa kicheko kidogo cha adabu. Kilikuwa kosa.

"Na wewe, mzee wangu, nakuheshimu. Lakini huu mfereji hapa nyuma ulipindishwa kwa sahihi yako, upite mbali na kiwanja cha mkubwa wako. Kila mvua ikinyesha, maji yanalala vitandani mwa watu. Wewe ulistaafu, mzee. Mfereji haujastaafu."

Mzee Faili alilihamisha jalada lake kutoka kwapa hili kwenda lile.

"Basi tusiulizane nani kaangua nini," alisema Mama Birika. Akamgeukia Profesa. "Wiki sita. Asubuhi utamfungulia mdogo wangu kibanda, utapanga nyanya, jioni utafunga. Na utakwenda kumweleza kwa mdomo wako mwenyewe. Usipitie kwangu, mimi si posta."

"Nitakwenda, dada."

"Leo."

"Leo."

Kabla neno hilo halijatua, askari wa halmashauri walitokea upande wa soko. Walikuwa wanne, wavu wanaukokota kama pazia lililochanika, mbele yao mkuu wao mwenye kitambi na ile bunduki moja. Nyuma yao ilikuja nusu ya soko, wale wale waliokuwa wamekimbia juzi, sasa wamekuja kuangalia ushujaa.

"Lile pale! Lile pale!"

"Kaeni pembeni wote!" mkuu alipiga kelele. "Wewe bwana, usitikisike. Limekukamata? Tunapiga."

Spika aliinama sikioni kwa Profesa, na sasa hakuwa tena mwendesha mashtaka. "Nyamaza, kaka. Sema umelikuta hapa. Mimi na Mzee Faili ni mashahidi wako. Wakikujua, kituoni umekwisha."

"Kiutaratibu," Mzee Faili alinong'ona upande wa pili, "asiyekiri hana faili."

Ilikuwa rahisi hivyo. Asimame tu. Atoe kwapa, apige hatua mbili pembeni, mlio mmoja, kisha arudi kazini kugeuza mayai ya watu wengine mpaka siku ya kustaafu. Aliwatazama askari, akatazama lile kundi la watu, akamtazama Mama Birika, ambaye hakumpa msaada wowote usoni. Akahisi kitu kinapiga kwenye mbavu zake, pu, pu, pu, haraka kuliko moyo wa mtu. Jogoo alikuwa anaogopa. Alikuwa anaogopa, na mahali pekee alipoona pa kujificha ni kwa aliyempiga jiwe.

Profesa alivua koti lake la bluu, akamfunika nalo, akasimama mbele yake.

"Usipige," alisema. "Huyu ni wangu."

Soko likapiga ukelele. Mkuu wa askari alishusha bunduki nusu, amekasirika kama mtu aliyenyang'anywa sahani.

"Wako kivipi?"

"Nimemwangua mimi. Nikamtupa mimi. Na huyo mama aliyevunjika mkono, kosa ni langu."

"Unafanya kazi wapi?"

"Kituo cha mbegu za kuku."

"Mayai ya kituo?"

"Ya kituo."

"Kwa kibali?"

"Bila kibali."

Spika alishika kichwa kwa mikono miwili. Mzee Faili alifumba macho kama anayeona jengo zuri linabomolewa.

"Kesho barua inakwenda kwa mkuu wako," alisema askari. "Unajua maana yake?"

"Najua." Na kweli alijua. Aliiona miaka kumi na tisa ikiondoka na wale vijana wa tai, haikugeuka hata kumuaga. Iliuma. Lakini kwa mara ya kwanza tangu siku ya dampo, alivuta pumzi ikafika chini.

Mkuu wa askari alimpa mwenzake bunduki, akatoa fomu iliyokunjwa mara nne, akaitandaza kwenye meza ya kahawa. Mama Birika alisogeza vikombe.

"Fomu tuliyonayo ni ya mbwa," alisema mkuu wa askari. "Tutaitumia hivyohivyo. Rangi?"

"Zipo nyingi."

"Umri?"

"Miezi minane."

"Amechanjwa?"

"Chanjo zote. Hapo sikufanya mzaha."

"Jina lake?"

Profesa alimtazama jogoo chini ya koti. Miezi minane, na hakuwa amefikiria jina. Alikuwa amefikiria lake tu.

"Bado," alisema. "Acha wazi hapo. Nitaleta."

Mkuu wa askari alimtazama kama anayemtilia shaka afya yake, akaendelea kushuka na kalamu. "Hapa mwisho. Uhusiano wako na mnyama. Kuna visanduku viwili, mmiliki na mlinzi. Nitie wapi?"

"Andika mzazi."

Watu walicheka, soko zima. Spika alicheka kwanza kwa mazoea, kisha akaacha kabla ya wengine, akawa anatazama simu yake bila kuiwasha.

"Bwana, kisanduku cha mzazi hakipo."

"Nipe hiyo kalamu," alisema Profesa. Aliinamia meza, akachora kisanduku chake pembeni ya karatasi, mistari imepinda kwa sababu jogoo alikuwa amemlalia mkono, akakitia alama ya vema.